Vijana, Wazee na Chombo: Uhakiki wa Sera za Rika katika Kilwa Masoko

1. Swali lenyewe

Kila mkutano wa maendeleo wilayani hutaja vijana na wazee. Vijana hutajwa mwanzoni, na huambiwa kuwa wao ni taifa la leo. Wazee hutajwa mwishoni, na huambiwa kuwa wao ni hazina. Kisha vijana huelekezwa waunde vikundi wakakope, na wazee huelekezwa waende hospitali wakatibiwe. Mkutano hufungwa, na kila rika hurudi kwake na sahani yake.

Makala haya yanahakiki utaratibu huo wa sahani mbalimbali. Hatusemi kwamba mkopo ni kitu kibaya, wala kwamba matibabu ya mzee hayana maana. Tunauliza swali moja: je, kinachowaweka pembeni vijana na wazee wa Kilwa Masoko ni umri wao, au ni nafasi yao katika uzalishaji mali? Ikiwa ni umri, basi sera za rika zinatosha, na kilichobaki ni kuziongezea fedha. Lakini ikiwa ni nafasi yao katika uzalishaji, basi hata fedha hizo zikiongezwa mara kumi, kijana atabaki kibarua na mzee atabaki ombaomba, kwa kuwa mzizi wa jambo haujaguswa.

Tumechagua Kilwa Masoko kwa sababu huko jambo hili linaonekana waziwazi. Mji huu ni makao makuu ya wilaya, nao umekaa kwenye rasi ukitazamana na Kilwa Kisiwani, ambayo magofu yake, pamoja na yale ya Songo Mnara, yaliwekwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Kaskazini yake iko Kilwa Kivinje, na mbele zaidi Somanga. Baharini kuna kisiwa cha Songosongo chenye gesi asilia. Barani kuna mikorosho, minazi, ufuta na misitu ya mpingo. Septemba 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka hapo Kilwa Masoko jiwe la msingi la bandari ya uvuvi, mradi wa zaidi ya shilingi bilioni 260. Kwa hiyo hatuzungumzii mahali palipokosa rasilimali. Tunazungumzia mahali penye rasilimali nyingi ambapo kijana hutafuta nauli ya kwenda Dar es Salaam, na mzee hutafuta fedha ya dawa.

2. Sera zinavyomgawa mwanakijiji

Tuanze na sera yenyewe. Mwaka 2018 Bunge lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, yakiongeza kifungu cha 37A. Kwa kifungu hicho kila halmashauri ilitakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, asilimia 4 kwa vikundi vya vijana, na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Jambo lililokuwa likifanywa kwa maagizo tu sasa lilipewa nguvu ya sheria. Hiyo ni hatua mbele, na asiyekiri hivyo hasemi kweli.

Lakini tazama hesabu yenyewe. Nne na nne na mbili ni kumi. Mzee hayumo. Bibi wa miaka 65 anaweza kuingia kwa jina la mwanamke, akikubaliwa kikundini. Babu wa miaka 65 asiye na ulemavu hana mlango. Sheria inamjua alipokuwa kijana. Akishavuka umri huo inamsahau.

Upande wa pili iko Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003. Sera hii inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi, na inataja mambo mengi mema: afya, matunzo, ushiriki, ulinzi. Katika utekelezaji, hata hivyo, lililoonekana zaidi ni dirisha la wazee hospitalini na msamaha wa gharama kwa wasio na uwezo. Mpango wa kunusuru kaya maskini ulioanzishwa chini ya TASAF mwaka 2012 umewafikia wazee wengi, lakini unawafikia kwa kuwa kaya zao ni maskini. Uzee peke yake hauhesabiwi kuwa ni haki. Mzee asiyeingizwa katika orodha ya walengwa hana dai lolote.

Kwa hiyo tuna picha mbili za mwanadamu. Kijana ni mkopaji. Mzee ni mgonjwa. Hakuna hata mmoja anayetazamwa kama mzalishaji mali aliye katika uhusiano na wazalishaji wenzake. Hilo ndilo kosa la kinadharia ambalo makosa mengine yote ya utekelezaji yanatokana nalo.

Mikopo yenyewe imeshuhudia hilo. Aprili 2023 serikali iliisimamisha baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuonyesha marejesho duni na vikundi visivyokuwepo, na mwaka 2024 ikarudishwa kwa utaratibu mpya. Wengi walisema tatizo ni usimamizi. Usimamizi mbovu ulikuwapo, hatukatai. Lakini hata kikundi cha kweli, chenye vijana waaminifu, kinakopa ili kununua nini? Mara nyingi pikipiki. Na pikipiki moja katika mji wenye pikipiki mia haimtoi mtu katika unyonge. Inaongeza tu idadi ya wanaogombania abiria yule yule mmoja.

3. Chombo ni cha nani?

Tukitaka kuelewa hali ya kijana wa Kilwa Masoko, tuache kwanza mikutano, tutazame uvuvi wa dagaa.

Kazi hiyo hufanyika usiku wa giza, kwa taa; mbalamwezi ikipamba, vyombo hupumzika. Chombo kimoja hubeba nahodha na kundi la mabaharia, karibu wote vijana. Wakirudi na kuuza, kwanza huondolewa gharama: mafuta na chakula. Kinachobaki hugawanywa kwa mafungu. Liko fungu la chombo, liko fungu la mashine na nyavu, na liko fungu la mabaharia, ambalo nalo hugawanywa kwa vichwa. Viwango hutofautiana kati ya bandari na bandari, lakini kanuni ni moja: vitu hupata fungu lake kabla ya watu. Na kwa kuwa chombo, mashine na nyavu kwa kawaida ni vya mtu mmoja, ambaye mabaharia humwita tajiri, mafungu yale ya vitu huingia mfuko mmoja. Usiku ukikosa samaki, tajiri amekosa faida, lakini baharia amekosa chakula, na akikopa kwa tajiri ili watoto wale, kesho yake amekwisha kuuzwa kabla hajatia mguu majini.

Kijana huyu hana tatizo la kukosa kazi. Kazi anayo, na ni nzito. Hana chombo. Ukimpa semina ya ujasiriamali, atatoka na cheti na atarudi kwenye chombo kile kile cha tajiri yule yule.

Sasa mtazame mzee katika kazi hiyo hiyo. Alipokuwa na nguvu alikuwa baharia, pengine nahodha. Leo ameketi pwani akishona nyavu za watu. Anajua kaskazi na kusi, anajua bamvua na maji mafu, anajua mwamba upi una samaki mwezi gani na mkondo upi unaua. Vijana humuuliza, naye huwaambia. Lakini katika mafungu yale tuliyoyahesabu, fungu la maarifa halimo. Mzee huyu hutoa elimu ambayo bila hiyo chombo hakirudi, naye hulipwa kwa kitoweo, yaani kwa hisani ya nahodha. Siku nahodha akibadilika, kitoweo kimekatika. Wanawake wanaochemsha dagaa na kuwaanika kwenye vichanja, wengi wao wakiwa watu wazima, nao wamo katika hali hiyo hiyo: hupata ujira wa siku, na bei ya gunia hupangwa na mchuuzi aliyekuja na lori.

Hapo ndipo tunapoona kwamba kijana baharini na mzee pwani hawana matatizo mawili. Wana tatizo moja. Wote wawili hutoa kitu, mmoja nguvu na mwingine maarifa, na wote wawili hawana nyenzo. Sera ikimpa mmoja mkopo wa pikipiki na mwingine dawa ya shinikizo la damu, imetibu dalili mbili na kuuacha ugonjwa wenyewe.

Jambo hili ni la haraka kwa sababu ya bandari mpya. Bandari ile, pamoja na gati, vyumba vya baridi na barafu vilivyo katika mipango yake, imekusudiwa kupokea meli za uvuvi wa bahari kuu. Ni nyenzo kubwa kuliko zote ambazo Kilwa Masoko imepata kupewa. Lakini gati haliulizi limjengee nani utajiri. Ikiwa wavuvi wa hapo wataingia ndani yake wakiwa mmoja mmoja, wataingia kama wapakuzi wa samaki wa watu wengine. Kijana atapata ujira wa kubeba, mzee atapata nafasi ya kutazama.

4. Mkorosho na kangomba

Mashambani mambo yanaonekana kuwa kinyume. Huko mzee ndiye mwenye mali na kijana ndiye mkosaji. Mikorosho na minazi mingi ni ya wazee. Kijana wa miaka 25 hawezi kusubiri mti aliopanda leo, naye hungoja urithi. Urithi ukija, miti hugawanywa kwa warithi wengi, kila mmoja akipata michache isiyotosha kupuliziwa dawa, na baadhi yao wako mbali na hawarudi kupalilia. Kwa hiyo wako vijana wanaosema kwamba adui yao ni wazee.

Hoja hii isidharauliwe. Ipo kweli ndani yake. Katika vijiji vingi wazee wamekalia ardhi, miti na viti vya uongozi, na kijana akiuliza hesabu ya kijiji huambiwa hana adabu. Mila ya kumheshimu mzee ni nzuri; mila hiyo ikitumiwa kuficha hesabu imekuwa pazia. Chama chochote cha wanyonge kinachowafumbia macho wazee wa namna hiyo kinawasukuma vijana waende kwa wapinga jamii wanaowaahidi fedha ya haraka. Baruti iliyolipua matumbawe ya pwani hii kwa miaka mingi ilitegwa na mikono ya watu waliokuwa na haraka, na waliouza baruti walikuwa nyuma yao, wasionekana.

Lakini tuendelee kutazama. Je, mzee yule mwenye mikorosho ni tajiri? Korosho huvunwa kuanzia kama Oktoba. Kabla ya hapo, katika miezi ya ukame wa mfuko, mzee huugua, au mjukuu hutakiwa sare ya shule. Hapo huja kangomba. Mtu huja na fedha taslimu, hununua korosho zikiwa bado mtini au kwa kipimo chake mwenyewe, kwa bei ndogo mno kuliko ile itakayopatikana mnadani kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani ulioanza katika korosho mwaka 2007. Serikali imepiga marufuku biashara hiyo, lakini njaa haisomi tangazo. Msimu ukifika, miti ni ya mzee na mavuno ni ya mlanguzi.

Na ni nani anayekwenda nyumba kwa nyumba akikusanya kangomba? Mara nyingi ni kijana mwenye pikipiki. Mtaji si wake, na mara nyingi hata pikipiki si yake. Kila jioni hupeleka hesabu kwa mwenyewe. Kijana ametumwa kumnyonya babu yake kwa fedha ya mtu wa tatu, na mtu huyo wa tatu haonekani kijijini. Babu humchukia kijana. Kijana humwona babu mjinga. Ugomvi wa rika huzuka, na mnyonyaji hulala usingizi.

Tunasisitiza jambo hili kwa makada kwa sababu ndilo linalokosewa mara nyingi katika uchambuzi. Hitilafu kati ya vijana na wazee ipo, lakini ni hitilafu miongoni mwa wanyonge. Inaweza kumalizwa kwa mazungumzo na kwa kugawana upya nafasi za uongozi. Hitilafu kati ya wanyonge wa marika yote na mwenye mtaji wa kangomba au wa chombo haimalizwi kwa mazungumzo. Inamalizwa kwa kumwondolea sababu ya kuhitajika.

5. Makosa yetu wenyewe

Uhakiki usiojihakiki ni porojo. Lazima tuulize: mzee huyu ambaye leo tunamwita hazina, sisi tulimfanyia nini alipokuwa kijana?

Novemba 1973 ilitangazwa kwamba wakulima wote wahamie vijijini ifikapo mwisho wa 1976. Kusudi lilikuwa jema: shule, zahanati, maji, na kazi ya pamoja. Lakini katika mikoa ya kusini wakulima wengi walihamishwa mbali na mikorosho yao, na mti ulioachwa porini humezwa na vichaka. Uzalishaji wa korosho nchini, uliofika takriban tani 145,000 katika msimu wa 1973/74, ulishuka hadi chini ya tani 20,000 katika msimu wa 1986/87. Bei ndogo aliyolipwa mkulima na ugonjwa wa ubwiri unga vilichangia. Lakini kuhamisha watu bila kuhesabu miti yao kulichangia pia. Na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, vikaja kurudishwa kwa sheria ya 1982. Katika miaka hiyo mkulima alinyang'anywa chombo kile ambacho kingemwunganisha na mwenzake.

Mwaka 1974 gesi iligunduliwa Songosongo. Ilianza kutumika mwaka 2004, ikisafirishwa kwa bomba la zaidi ya kilomita 200 hadi Dar es Salaam kuendesha mitambo ya umeme. Hesabu, ndugu msomaji. Kijana aliyekuwa na miaka 20 gesi ilipogunduliwa alikuwa na miaka 50 ilipowasha taa za mjini, na mwaka 2024 alitimiza miaka 70. Maisha yake yote ya kazi yamepita juu ya utajiri huo. Alihamishwa, alijenga shule kwa mikono yake, alipeleka korosho kwa bei iliyopangwa na wengine. Mfanyakazi wa ofisini wa umri wake ana pensheni, kwa kuwa jina lake liliandikwa katika mfuko. Mkulima na mvuvi hawakuandikwa popote. Pensheni yao ilikuwa miti, na miti tuliiacha ikamezwa na msitu. Pensheni yao ya pili ilikuwa watoto, na watoto wamekwenda Kariakoo.

Sababu za kwenda Kariakoo ni hizo hizo. Neno "machinga," ambalo leo ni jina la kila mchuuzi mdogo nchini, limetoka katika kabila la pwani hii ya kusini, kwa kuwa vijana wa huku walitembeza bidhaa mitaani Dar es Salaam kwa wingi. Daraja la Mkapa katika mto Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003, na barabara ilipokamilishwa kwa lami, safari ikawa fupi. Barabara ni jambo jema. Lakini barabara hupeleka kile kilichokwisha kulegea. Kijana mwenye fungu katika chombo hasafiri kwenda kuuza soksi juani.

6. Haki, si hisani

Azimio la Arusha la 1967 lilieleza ni nani anayeweza kuishi kwa kazi ya wengine bila kuitwa mnyonyaji: watoto, wazee wasiojiweza, walemavu, na wale ambao dola haijaweza kuwapatia kazi. Makada wengi wanaikumbuka orodha hiyo kwa ajili ya watoto na wazee tu. Lakini kijana asiye na kazi naye yumo, na yumo kwa sababu ya deni. Ikiwa dola haijampatia njia ya kuzalisha, basi dola inadaiwa. Mzee naye yumo kwa sababu amekwisha kulipa. Katika maandishi yake ya 1962 juu ya Ujamaa, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba mzee aliyeonekana kustarehe katika jamii ya jadi alikuwa amefanya kazi kwa bidii ujanani mwake. Kwa hiyo mzee ni mdai na kijana ni mdai. Anayekwenda kwa mdai wake akiwa na kanga moja na picha ya gazeti hajalipa deni.

Kwamba deni la mzee linaweza kulipwa, ushahidi uko karibu. Aprili 2016 Zanzibar ilianza Pensheni Jamii: kila mzee wa miaka 70 na zaidi alipata shilingi 20,000 kwa mwezi kutoka fedha za serikali yenyewe, bila kuchangia kabla na bila kuchujwa kwa umaskini, na baadaye kiwango kikapandishwa. Kenya ilianza mpango wake wa wazee wa miaka 70 mwaka 2018, kwa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Lesotho, nchi ndogo isiyo na bahari wala gesi, ilianza mwaka 2004. Watakaosema kwamba mzee wa Kilwa hawezi kupata kile anachopata mzee wa Unguja waeleze ni kwa kanuni gani bahari ile ile inatoa haki upande mmoja na hisani upande wa pili.

Kwamba nyenzo ya pamoja inaweza kuunganisha marika, ushahidi uko Kilwa kwenyewe. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi vilikuwa vya kwanza barani Afrika kuvuna msitu wa asili unaomilikiwa na kijiji chini ya cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu. Kabla ya hapo magogo ya mpingo yaliondoka na kijiji kikabaki na visiki. Kijiji kilipokuwa mwenye msitu kisheria, mnunuzi alilazimika kukilipa kijiji. Jambo la kuangalia hapa si cheti. Ni kwamba fedha hiyo huja mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, ambamo mtu wa miaka 18 na mtu wa miaka 80 kila mmoja ana kura moja. Doria ya msitu inahitaji miguu ya vijana; mipaka na majina ya miti yanahitaji kumbukumbu za wazee. Hapo hakuna aliyejumuishwa kwa kuonewa huruma.

7. Nini kifanyike?

Kwanza, kifungu cha mikopo kifikiriwe upya. Kiache kuwapanga watu kwa rika, kiwapange kwa nyenzo. Ushirika wa chombo wenye mabaharia vijana, wachemshaji dagaa na mafundi wazee wa nyavu uweze kukopa kama ushirika mmoja, na ununue chombo, mashine na nyavu. Hapo fungu la chombo litarudi kwa waliokiendesha, na fungu la maarifa litaandikwa. Mapato ya halmashauri ya Kilwa yana ushuru wa huduma utokanao na gesi. Ni haki gesi hiyo iwanunulie wavuvi vyombo.

Pili, mafungu ya baharini yaandikwe. Mkataba kati ya tajiri na mabaharia usomwe mbele ya kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, kile tunachokiita BMU, kabla ya chombo kushushwa majini. Mwenye chombo mwaminifu hatapungukiwa na kitu.

Tatu, kangomba ipigwe kwa mkopo. Chama cha msingi cha ushirika kimkopeshe mkulima kiasi kidogo miezi ya ukame wa mfuko, kwa dhamana ya korosho zake, na kijana mwenye pikipiki aajiriwe na chama hicho kukusanya mavuno. Pikipiki ile ile, kijana yule yule, lakini bwana amebadilika.

Nne, pensheni ya wazee wote Tanzania Bara iwe ajenda ya kudumu ya vikao, ikianza hata kwa miaka 70 na kwa kiwango kidogo, maadam iwe haki.

Tano, ufundi wa wazee ulipwe kama elimu. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, yakaondolewa mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Kuta zile za matumbawe hukarabatiwa kwa chokaa, na uchomaji wa chokaa, kama uundaji wa jahazi, haujifunzwi kwa siku moja. Fundi mzee apewe wanagenzi na ujira wa mwalimu.

Yatakuwapo maneno. Watasema wazee hawarejeshi mikopo: ushirika hukopa kwa chombo chake, si kwa umri wa mwanachama. Watasema vijana ni wavivu, hukaa vijiweni: anayesema hivyo aende pwani usiku wa giza aone ni nani anayevuta nyavu. Watasema fedha haipo: ilikuwapo ya gati na ya bomba, kwa kuwa mambo hayo yaliwekwa mbele.

Kazi ya kada katika jambo hili si kuwagawia vijana na wazee maneno matamu kwa zamu. Ni kwenda pwani na mashambani na maswali mawili: nyenzo hii ni ya nani, na fungu la nani linatoka kwanza? Majibu yakishapatikana yasomwe hadharani, mbele ya mkutano, vijana na wazee wakiwa wameketi pamoja, na mipango ya kijiji ianzie hapo.